Bastola ya Mjerumani na Mlango wa Banda la Kuku

Stashahada yangu inaning'inia sebuleni kwangu hapa Ujiji, ukutani upande wa kulia ukiingia, na mgeni hapewi kiti mpaka aisome. Nasema hivi mapema ili ninyi vijana mjue mnaongea na nani. Nilizaliwa nyuma ya soko, nikauza migebuka mikavu, samaki wa ziwa letu, kwa sinia kichwani, nikapanda treni kwenda Dar es Salaam nikiwa na mashati mawili, nikarudi mtaalamu. Kati ya treni ile ya kwenda na ile ya kurudi kuna miaka thelathini na mmoja ndani ya ghala la makumbusho, nikipima, nikihifadhi na kuandikia kadi vitu vya kale. Upande wangu ulikuwa silaha za wakati wa Mjerumani, hasa bastola za maofisa na ala zake, ile mifuko ya ngozi ya kuzibebea kiunoni. Siku ya kustaafu nilipewa mkoba wa ngozi wenye majina yangu yote matatu kwa herufi za dhahabu, na mwaka chini yake. Tangu nirudi nyumbani sijatoka nje bila mkoba huo, hata nikienda kununua vitunguu.

Vijana hunitumia picha kwenye simu. Karibu kila mwezi mtu amefukua chuma fulani, amekipiga picha kikiwa juu ya kitenge, na ujumbe ni uleule: "Shikamoo Mzee. Hii taji maana yake dhahabu iko upande gani?" Najibu marahaba, kisha najibu kwamba dhahabu haipo. Hawaniamini. Kijana mmoja wa Buzebazeba alichimba siku nne nyuma ya nyumba ya shangazi yake kwa sababu aliona taji limeinamia kushoto. Alichokipata ni choo cha zamani cha shangazi.

Taji hilo ni mhuri wa mkaguzi, basi. Jeshi la Mjerumani halikupokea bastola mpaka mkaguzi wa kiwandani aitazame, na akiridhika alipiga taji dogo lenye herufi moja chini yake, ile herufi yao ya zamani yenye mikia mingi. Kila mkaguzi na herufi yake. Wale wa mji wa Erfurt walikuwa na mkono mwepesi kupita kiasi. Walipiga mhuri kila kipande, hata kipande ambacho ungehitaji kioo cha kukuza ili ukione chenyewe. Mtu aliyekuwa anatafuta kuwaachia wajukuu ramani ya hazina asingeipiga kwenye skrubu.

Bastola ninayoijua kuliko zote tuliiita sifuri-nane, kwa kuwa jeshi lao liliipokea mwaka 1908. Mpini wake umelala kwa nyuma kama mtu aliyeshiba, na juu ya mgongo wake kuna kiungo kinachokunjika kama goti la panzi. Ukiipata, tazama juu ya chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kwenda: hapo nyingi zina mwaka kamili, tarakimu nne. Mbele, kwenye fremu, kuna namba yake yote. Mbele ya mpini, mahali vidole vinaposhika, ndipo kikosi kilipopiga herufi zake. Ala nayo ina maneno yake. Funua kifuniko, tazama upande wa ndani: jina la fundi wa ngozi, mji wake na mwaka. Chapa ya maana hukaa ndani ya kifuniko, pasipofikiwa na mvua wala jua. Na baadhi ya wenye bastola waliandika kwa wino, ndani ya ala, namba ya silaha yao, kama mnavyoandika majina yenu kwenye madaftari ili wenzenu wasiyachukue.

Kuna alama moja zaidi, ndogo kuliko zote, ambayo kwa miaka mingi sikupenda kuieleza mbele za watu. Nitaifikia.

Aliyenifundisha haya hakuwa na stashahada. Mzee Abeid alikuwa fundi viatu kabla ya kuajiriwa ghalani, na aliishia darasa la nne. Siku yangu ya kwanza nilikuja na vyeti vyangu kwenye bahasha. Akaitazama bahasha, akasema, "Vizuri. Weka pale juu, pasipofika mchwa." Kisha akanipa bastola na kuniambia nisiitazame. "Ipapase kwanza. Macho yana haraka." Alinifundisha kuwasha tochi kwa ubavu, si kwa juu, ili chapa iliyofifia itupe kivuli chake. Alinifundisha kulaza karatasi nyembamba juu ya chuma na kuisugua na penseli mpaka herufi zijitokeze zenyewe. Na alinikataza jambo moja kwa ukali ambao hakuwahi kuutumia hata kwa mkewe: nisisafishe. "Kutu ni shahidi," alisema. "Ukimpiga msasa umemkata ulimi."

Sheria ya kwanza kabisa lakini ni hii, na si ya Mzee Abeid, ni ya nchi: ukikuta silaha, hata iwe imeoza, usiichezee. Mwite mwenyekiti wa mtaa, ipelekwe polisi, askari aikague ndipo mtaalamu aiguse. Na hivyo ndivyo alivyofanya Nzeyi, na ndivyo alivyoingia matatani.

Nzeyi ni fundi muashi, jirani yangu nyumba ya tatu. Alivuka kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kambini, na baadaye familia yao ikapewa uraia. Karatasi yake ya uraia ameiwekea plastiki ngumu na huitunza ndani ya Biblia. Alinunua nyumba kuukuu ya udongo hapa Ujiji, zile zenye kuta nene kuliko urefu wa mkono, na akaanza kubomoa ukuta mmoja apanue sebule. Katikati ya ukuta akakuta chungu kilichofunikwa sahani. Ndani ya chungu, kitambaa kilichokakamaa kwa mawese. Ndani ya kitambaa, ala ya ngozi. Ndani ya ala, bastola iliyovimba kutu kama mhogo uliovunda.

Akaenda kwa mwenyekiti wetu wa mtaa, Athumani. Huyu Athumani ni kinyozi, tulikaa dawati moja shule ya msingi, na ndiye redio ya Ujiji. Ukimnong'oneza jambo adhuhuri, alasiri utalisikia kijiji cha Simbo likiwa limeongezewa chumvi. Mimi ananiita Profesa wa Kutu.

"Mwakeye, Mwenyekiti," Nzeyi alimsalimu. "Njoo uone kitu kilichokuwa ukutani."

Athumani alichungulia chunguni, akarudi nyuma mpaka barabarani, na akatolea ushauri wake huko. "Kesho asubuhi, kituoni. Nitakusindikiza. Na usikiweke chumba unacholala."

Ushauri ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba hakumwambia mama wa nyumba akiache kilivyo. Mama Fideli, mkewe Nzeyi, ni Muha wa Simbo, na usafi wake unajulikana. Hufagia mpaka barabara ya manispaa. Kwake yeye kitu hakiendi kwa mwenyewe kikiwa kichafu. Ukirudisha sufuria ya jirani, unairudisha imesuguliwa kuliko ulivyoipokea. Sasa hii ilikuwa inakwenda kwa Serikali. Basi alianza na majivu na mchanga wa ziwani, akamalizia na msasa wa mumewe, ule mkali wa kusugulia milango. Akaipaka na mafuta ya mtoto ili isishike vumbi njiani. Asubuhi Nzeyi alifika kituoni na bastola inayometameta kama kijiko cha harusi, imefungwa kwenye taulo safi.

Afande Mgaya, aliyekuwa zamu, ni mtu wa haki na hana haraka. Alimwita askari wa ghala la silaha aikague. Haikuwa na risasi na mtambo wake ulikuwa umeganda. Kisha akaiinua puani.

"Umesema imetoka ukutani?"

"Ndiyo, Afande. Ukuta wa udongo. Wa zamani sana."

"Mbona inanukia mtoto mchanga?"

Nzeyi akainusa naye kwanza, na mtu anayenusa kabla ya kujibu huonekana vibaya kituoni. Walipomuuliza alizaliwa wapi, akasema ukweli. Baadaye aliniambia, "Mzee, bastola kwa mtu mwingine ni kesi. Kwangu mimi wanauliza nilivuka nayo lini."

Wakanifuata, na njiani nikasimuliwa habari ya chungu, kitambaa na ala. Nilifika na mkoba wangu, koti na tai. Nzeyi alikuwa ameketi kwenye benchi, karatasi yake ya uraia juu ya magoti, mkewe pembeni akimkung'uta vumbi la saruji mabegani. Athumani alikuwa amesimama dirishani.

"Shikamoo Mzee," Afande akasema.

"Marahaba. Nipe dakika tano na meza yenye mwanga."

"Umesikia? Dakika tano," Athumani akawaambia watu wa nje.

Nikafunua taulo. Vijana, moyo wangu ulishuka mpaka kwenye soksi. Ilikuwa sifuri-nane, umbo lake halifichiki. Lakini juu ya chemba palikuwa laini kama yai. Pa namba ya mbele palikuwa laini. Mbele ya mpini, pa kikosi, palikuwa laini na pananukia. Nikalaza tochi ubavuni, nikalaza karatasi na kusugua penseli. Karatasi ikatoka nyeusi sawasawa kila mahali, kama ubao wa shule siku za likizo. Dakika tano zikaisha, zikaja nyingine ishirini.

"Nani aliyesafisha hii?" nikauliza.

"Mimi," Mama Fideli akasema kwa fahari. "Ulipaswa uione ilivyokuwa. Aibu."

Afande akavuta kiti karibu yangu. "Mzee, simtuhumu mtu. Lakini kitu kilichokaa ukutani miaka mia hakimetameti. Kinachometameta kinatumika. Kabla ya jioni nitapeleka maelezo ngazi ya juu. Nikiandika kwamba ni ya Mjerumani na ushahidi ni huu, huyu bwana anakwenda nyumbani. Nikiandika kwamba haijulikani ilikotoka, mimi siamui tena, na yeye hatalala kwake leo."

Nzeyi aligeuza karatasi yake upande wa pili, kana kwamba huenda huko nyuma palikuwa na msaada.

"Ilikuwa na ala," nikasema. "Ala iko wapi?"

Mume na mke wakatazamana. Nzeyi akamwambia jambo kwa Kirundi, yeye akamjibu kwa Kiha, na sauti zote mbili zilikuwa za watu waliooana muda mrefu.

"Ile ngozi?" Mama Fideli akasema. "Ile si bunduki. Serikali ingeitakia nini? Ilikuwa imelowa mawese, nikakata kile kifuniko chake nikakipigilia kwenye banda la kuku. Bawaba ilikuwa imevunjika. Ngozi nzuri sana, haipasuki."

Basi tukaenda sote bandani: Afande na bastola kwenye bahasha kubwa, Nzeyi, mkewe, Athumani, mimi na mkoba wangu. Banda liko nyuma ya nyumba, limejengwa kwa matofali ya mabaki, na mlango wake wa mbao ulikuwa unaning'inia kwa kipande kipana cha ngozi nyeusi. Nilipoinama nikaona mshono wa pembeni, hatua zake sawasawa, mkono wa fundi wa jeshi. Nikamwambia mama aking'oe.

"Haking'oki," akasema. "Kicheche ameshanilia kuku sita. Mlango haukai wazi hata kwa muda wa kukohoa."

"Mama, mumeo yuko chini ya ulinzi."

"Naye anamjua kicheche."

Afande Mgaya akapiga hatua, akaushika mlango wa banda kwa mikono miwili, akauegemeza kwa goti. "Mzee, ng'oa. Mimi nimeshika."

Nikang'oa misumari minne kwa bisibisi, nikageuza ngozi, nikiwaambia kwamba chapa ya maana hukaa ndani ya kifuniko. Hapa lazima niseme jambo ambalo katika mafunzo yangu nililipinga kwa maandishi: mawese kwenye ngozi ni makosa, yanaivutia wadudu na kuilainisha kupita kiasi. Nimewahi kumkaripia mtu kwa hilo. Lakini aliyeificha ala ile aliilowesha mawese pande zote, na mawese yalikuwa yameingia ndani ya kila mkwaruzo na kukauka meusi. Chapa ilisimama kama imechapwa jana: jina la fundi, chini yake Berlin, na chini ya Berlin mwaka kamili, tarakimu nne, mwaka mmoja kabla ya ile Vita Kuu ya kwanza. Nikaisoma kwa sauti. Nikamsogezea Afande, naye akaisoma kwa jicho moja huku akimzuia jogoo kwa kiatu.

"Sawa," akasema. "Ala ni ya zamani."

Nikaanza kukusanya vifaa vyangu.

"Lakini mimi nina simu mpya," akaendelea, "na mfuko wake ulikuwa wa marehemu baba, wa redio. Ala ya zamani haifanyi bastola kuwa ya zamani."

Nawaambieni ukweli, hoja ile nisingeitarajia hata kwa mtu mwenye stashahada. Ilibaki kuifunga bastola na ala pamoja. Nikafikiria mahali ambapo msasa wa Mama Fideli haukufika, nikakumbuka mbao za mpini. Zinashikwa na skrubu moja kila upande. Upande wa nje alikuwa amezisugua mpaka zikapauka. Upande wa ndani hakuna anayefika. Kwa ruhusa ya Afande nikafungua ya kushoto, taratibu, skrubu ililia kama mlango wa msikiti wa zamani. Nikageuza ubao. Ndani, kwenye mti mkavu, palikuwa na tarakimu mbili zilizopigwa kwa chuma: 1 na 7.

Afande alikuwa ameinama kutazama bila kuachia mlango.

"Kumi na saba," akasema polepole. Uso wake ukabadilika. "Elfu mbili na kumi na saba."

Nzeyi akaketi chini pale alipokuwa.

"Hapana, Afande," nikasema. "Si mwaka."

"Ni nini?"

"Ni tarakimu mbili za mwisho za namba ya bastola. Kiwandani walizipiga kwenye vipande vidogo ili visichanganyike na vya bastola nyingine. Ukifungua kipande kingine utakuta hizohizo."

"Hiyo unasema wewe. Mimi naona mwaka. Mtu yeyote mwenye macho anaona mwaka." Hakuwa na ubishi, alikuwa anafanya kazi yake. "Umejuaje kwamba si mwaka?"

Hapo ndipo nilipofika kwenye ile alama ndogo. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa limekaa zaidi ya miaka thelathini mahali ambapo sikumruhusu mtu kupita, na Athumani alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, masikio wazi. Nikamtazama Nzeyi pale chini. Alikuwa ameificha ile karatasi ya plastiki kifuani, ndani ya shati.

"Nimejua," nikasema, "kwa sababu niliwahi kuona kama unavyoona."

"Vipi?" Athumani akasogea.

"Mwaka wangu wa kwanza kazini. Nilipewa bastola tatu za aina hii niziandikie vibao vya maonyesho. Zilikuwa za mwanzo kabisa, zisizo na mwaka juu ya chemba. Ya kwanza nikakuta vipande vyake vimepigwa kumi na saba. Nikaandika 1917."

"Si vibaya," Afande akasema.

"Ya pili nikakuta themanini na tatu. Nikaandika 1883."

Athumani alikuwa ameanza kufumba mdomo kwa mkono.

"Ya tatu nikakuta arobaini na sita. Nikaandika 1946, nikaongeza maelezo kwamba silaha hii ilitumika nchini na jeshi la Mjerumani. Mwaka huo Mjerumani alikuwa amefukuzwa hapa muda mrefu, na hata kwao alikuwa ameshashindwa vita nyingine. Vibao vikakaa kwenye kabati la kioo wiki mbili. Nikawatembeza wanafunzi wa shule nne, nikiwaeleza kwa fimbo. Mzee Abeid aliporudi kutoka likizo alivisoma vyote vitatu kwa sauti, mbele ya wahudumu, akaniambia, 'Bwana Stashahada, bastola hii ya mwaka 1908, huyu wa themanini na tatu alizaliwa kabla ya baba yake?'"

Kisha Athumani akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa kiumbe chochote, akaegemea ukuta wa banda, akateleza taratibu mpaka akakaa sambamba na Nzeyi.

Afande hakucheka. Alinitazama kwa makini, kama mtu anayepima kitu kwa kukipapasa kwanza. "Mzee, jambo kama hilo mtu halitungi," akasema. "Basi tuseme kumi na saba ni mwisho wa namba. Namba nzima iko wapi?"

"Ilikuwa mbele hapa. Ameisugua."

"Imekwenda na uchafu," Mama Fideli akakiri, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua.

"Mama," nikamuuliza, "kifuniko ulikipigilia hapa. Na mwili wa ala?"

Akaingia jikoni, akatoka na ala. Ndani yake mlikuwa na tupa anayonolea kisu cha kukatia mikungu ya michikichi. Alikuwa ameitundika karibu na mafiga, imeshika masizi kwa nje. Nikachomoa tupa, nikamwomba Afande aingize bastola kwa mkono mmoja. Ikaingia na kutulia kwenye nafasi yake, kila pembe imekutana na bonde lake, kama mguu kwenye kiatu cha siku zote. Lakini nilitaka zaidi ya hapo. Nikaitoa bastola, nikaikunjua ala kwenye mshono uliofumuka, nikatazama ndani. Palikuwa na kivuli cha wino, na jua la saa sita lilikuwa linakimeza.

"Mama Fideli, nipe kanga."

Nikajifunika nayo kichwani, nikawasha tochi kwa ubavu. Wino ukasimama. Nikaona tarakimu nne, na nikazisoma moyoni mara mbili. Kisha nikafanya jambo ambalo Mzee Abeid angelipenda: nikanyamaza, nikajifunua.

"Athumani, ingia wewe."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ukiweza kunikosoa utanikosoa. Soma unachokiona."

Akaingia na tochi chini ya kanga akiwa bado anafuta machozi ya kicheko. Tukamsikia akihema mle ndani.

"Tano," Athumani akasema. "Tisa. Ngoja, hii... moja." Akaisogeza tochi. Aliporudi kusema, sauti yake haikuwa ya redio. "Saba. Mwisho ni moja na saba, Afande. Kumi na saba."

Mama Fideli alikaa chini karibu na mumewe, akaanza kumkung'uta tena mabegani, ingawa hapakuwa na vumbi. Nzeyi alishukuru kwa neno moja tu la kwao, "Urakoze," na sijui alikuwa anamwambia nani kati yetu.

Afande aliandika maelezo yake palepale, kwa mkono mmoja, karatasi ikiwa juu ya paa la banda, na mimi nilimtajia kila neno kwa tahajia yake. Bastola ya wakati wa Mjerumani, haifanyi kazi, imepatikana ukutani pamoja na ala yake, imesalimishwa na raia kwa hiari. Aliposema "raia" alimtazama Nzeyi, akalirudia ili alione linavyoandikwa. Bastola, mwili wa ala na kifuniko vikaingia kwenye bahasha kama vielelezo, vikakabidhiwa wanaohusika.

"Mzee," kisha akasema, "kazi imekwisha. Lakini huu mlango nitaushika mpaka lini?"

Bawaba ilikuwa imeingia kwenye bahasha ya Serikali. Mama Fideli alikuwa amesimama, mikono kiunoni, akitazama mlango, kisha akitazama mkoba wangu. Alitazama ngozi yake, unene wake, mshono wake. Mimi nami niliutazama. Niliwaza kwamba kesi ile tulikuwa tumeishinda kwa ngozi ya bandani kwake, na kwamba kicheche hasomi vielelezo.

Nikatoa vitu vyote vilivyokuwa ndani, nikamkabidhi kisu na kifuniko cha mkoba. Alikata vizuri, mkono wake ni mwepesi. Alichagua mahali penye ngozi nene kuliko pote, penye majina yangu matatu kwa herufi za dhahabu na mwaka chini yake. Akapigilia misumari minne. Afande akaachia mlango, ukabaki umesimama wenyewe, akanyoosha mgongo wake na kwenda zake.

"Mama Fideli," nikasema, "jina umeligeuzia ndani. Linawatazama kuku."

"Mzee, si wewe uliyesema chapa ya maana hukaa ndani ya kifuniko?"

Nilikuwa nimesema hivyo, na ni kweli.

Athumani naye hakuchelewa. Alasiri ileile nilikwenda kunyolewa, na watu wanne kwenye foleni walisimama kunipa kiti, wakiniita Bwana Elfu Moja Mia Nane Themanini na Tatu. Nilikaa. Niliwaeleza habari za tarakimu mbili za mwisho, taratibu, mpaka wote wakaelewa, na siku hizi hapa Ujiji hata wauza dagaa hawawezi kudanganywa juu ya umri wa bastola. Mji gani mwingine unaweza kusema hivyo?

Kwa hiyo vijana, siku moja, sisi sote tukiwa tumeshaondoka, mmoja wenu mwenye stashahada yake ataitwa kulitazama banda fulani la zamani. Asisafishe. Apapase kwanza. Afungue mlango taratibu, alaze tochi ubavuni, na atazame upande wa ndani wa ile ngozi. Atakuta majina matatu na mwaka. Mwaka huo ausome wote, tarakimu zote nne, maana huo kweli ni mwaka.